Padre ana kiti chake, mtaalamu ana chake: mwongozo kamili kwa Mkatoliki anayeanza tiba ya akili

Wanaonijia wakiwa wameshindwa huwa wameshindwa kwa njia mbili. Wa kwanza amepeleka kila kitu kwa padre: usingizi uliokatika, hofu, machozi yasiyo na sababu. Ameungama mara sita kwa mwezi na bado halali. Wa pili amekwenda kwa mwanasaikolojia, akaficha kwamba yeye ni Mkatoliki, na kwa padre nako akaficha kwamba anatibiwa. Kikao cha tatu anaacha, maana anaona kama anaishi maisha mawili.

Mwongozo huu ni wa hao wote wawili. Nimekuwa mshauri nasaha kwa muda mrefu, na Jumapili nakaa benchi kama muumini mwingine yeyote, kwa hiyo nimeyaona mambo haya kutoka pande zote mbili za meza.

Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari dogo la mkononi. Simu haifai sana hapa, kwa sababu simu inashikwa na watoto na mwenzi wako.
- Orodha ya dawa zote unazotumia sasa. Weka na miti shamba, na ile ya unga uliyopewa na shangazi. Zingine hugongana na dawa za hospitali.
- Padre mmoja. Nasisitiza mmoja.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua kwamba unaanza tiba.
- Nauli na ada ya vikao vinne, uwe nayo kabla ya kikao cha kwanza. Wengi wanajipanga kwa kimoja, kisha wanasema tiba haisaidii.
- Saa moja kila wiki ambayo haigongani na jumuiya, kwaya wala mazoezi ya WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki). Ukiipanga siku ya jumuiya utaanza kutunga visingizio, na visingizio vitakuchosha kabla ya tiba.

Hatua ya 1: Chambua mzigo wako

Kwenye daftari andika yote yanayokusumbua, ovyo ovyo, bila mpangilio. Kisha mbele ya kila jambo weka herufi: K kama ni la kitubio, M kama ni la mtaalamu (mwanasaikolojia au mshauri nasaha), D kama ni la daktari. Jambo moja laweza kubeba herufi mbili.

Mama mmoja aliniletea orodha yake ikiwa hivi: nimemfokea mtoto mbele ya wageni, sisali tena rozari, silali, najisikia nimekosa kitu kikubwa ila sijui nini, sketi zote zinanipwaya. Yote matano alikuwa ameyaandikia K.

Tukarudi pamoja. Kumfokea mtoto kuna K, na kuna M pia, maana alikuwa anafoka kila jioni kuanzia saa moja. Kutolala na kukonda ni D moja kwa moja. La rozari nilimwuliza, "Mama, uliacha lini?" Akasema mwezi wa tatu. Na usingizi ulikatika lini? Mwezi wa tatu huo huo. Hapo akanyamaza. Alikuwa ameungama uvivu wa sala kwa miezi mitano, kumbe ni ugonjwa uliomnyang'anya nguvu hata ya kufungua mdomo. Na lile la "nimekosa kitu kikubwa sijui nini" ni dalili inayojulikana ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha: hatia isiyo na kosa.

Sababu ya hatua hii ni rahisi. Kitubio husamehe dhambi, na dhambi inahitaji ujue na uamue. Ugonjwa hauondolewi kwa maondoleo ya dhambi, kama vile malaria isivyoondolewa. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anaweka sala na daktari katika pumzi moja: sali, kisha mpe daktari nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Papa Pius XII alizungumza na wataalamu wa tiba ya nafsi mwaka 1953, akaikubali kazi yao huku akiiwekea mipaka ya maadili. Kwa hiyo anayekuambia tiba hii ni mambo mapya ya Kizungu yasiyo ya Kanisa, amechelewa miaka zaidi ya 70.

*Umefanikiwa ukiona:* orodha ina herufi tatu tofauti. Ikiwa zote ni K, mpe mtu wako wa nyumbani aipitie pamoja nawe.

Hatua ya 2: Anza na mwili

Nenda hospitali ya kawaida kabla ya kutafuta mwanasaikolojia. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi, upungufu wa damu, pombe, na hali ya mama baada ya kujifungua: haya yote huvaa sura ya ugonjwa wa akili au huuleta. Mwambie daktari dalili kwa siku na saa ("naamka saa tisa usiku, sirudi kulala"). Ukisema "mawazo tu" utapewa vitamini.

Tanzania, hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili. Juu yake kuna Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, na kwa Kanda ya Ziwa kuna Bugando, ambayo ni ya Kanisa lenyewe. Kenya ipo Mathari, Nairobi.

Onyo kuhusu mapepo. Mtu akianguka, akitoa povu au akisikia sauti, wengi hukimbilia maombi ya kufukuza. Kifafa kinatibika kwa vidonge. Sauti nazo zina dawa. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa hairuhusu mtu yeyote kupunga pepo rasmi bila ruhusa ya wazi ya askofu wa mahali, na ruhusa hiyo hupewa padre tu. Mwongozo wa Kanisa wenyewe unamtaka padre huyo asiuchukulie ugonjwa wa akili kuwa pepo. Kikundi cha sala kinachomfunga mgonjwa kamba na kumnyima dawa hakina ruhusa hiyo. Mtoe mtu wako hapo.

Hatua ya 3: Chagua mtaalamu

Si lazima awe Mkatoliki. Papa Fransisko alisimulia mwenyewe kwamba alipokuwa na miaka 42 alikwenda kwa mtaalamu wa tiba ya nafsi mara moja kwa wiki kwa miezi sita, na mtaalamu huyo alikuwa mwanamke Myahudi. Kinachotakiwa ni mafunzo na heshima.

Piga simu kabla ya kwenda, uulize maswali manne:

1. Umesomea nini na wapi?
2. Tatizo kama langu unalitibu kwa njia gani, na kwa kawaida huchukua vikao vingapi?
3. Mimi ni Mkatoliki na imani ni sehemu ya maisha yangu. Unafanyaje kazi na mtu wa namna hiyo?
4. Siri zangu utazitunzaje, na ni lini utalazimika kumwambia mtu mwingine?

Swali la tatu ndilo linalochuja. Jibu zuri huwa fupi: "Utanifundisha imani yako ina maana gani kwako, nami nitaiheshimu." Akianza kukuambia dini ndiyo chanzo cha matatizo yako kabla hajakuona, shukuru, kata simu. Vilevile akisema kikao chote mtasali, huyo si mtaalamu wa tiba. Sala unayo nyumbani na hutozwi ada.

Kuna masista na mapadre waliosomea saikolojia na wanaifanya vizuri sana. Lakini shela na kola havitibu. Hata kwao uliza swali la kwanza. Kenya iko sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, hivyo una haki ya kuuliza habari za usajili bila kuona haya.

Hatua ya 4: Ongea na padre, nje ya kitubio

Hapa ndipo wengi huharibu bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukimwambia padre habari za tiba yako ndani ya maungamo tu, umemfunga mikono. Kanuni ya 983 inasema siri ya maungamo haivunjiki kwa neno, kwa njia nyingine yoyote, wala kwa sababu yoyote. Hawezi kukuuliza Jumatano, "Unaendeleaje na dawa?" Hawezi kumpigia ndugu yako akiona umekosekana wiki tatu. Watu hulalamika padre ni baridi, kumbe anatii sheria.

Basi omba nafasi ofisini. Wengi hawajui waanze vipi, kwa hiyo nakuandikia:

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Sijaja kuungama, naomba tuongee kawaida. Nimeanza kutibiwa sonona hospitali. Nakuomba mambo matatu: uniombee, uniulize ninavyoendelea mara moja kwa mwezi, na kama nitakuambia nataka kuacha dawa, unirudishe kwa daktari."

Dakika kumi zinatosha. Usimwage historia yote ya utoto; hiyo ina kiti chake kwingine. Na hata kama padre wako amesomea saikolojia, asiwe muungamishi wako na mtaalamu wako kwa wakati mmoja. Akisikia jambo kwenye kitubio hataruhusiwa kulitumia kwenye kikao, nawe utabaki hujui ulisema nini wapi.

Muulize pia kuhusu Mpako wa Wagonjwa. Wengi bado wanadhani ni wa anayekata roho. Katekisimu, namba 1514, inasema si wa wanaokufa tu. Ugonjwa wa akili ulio mzito ni ugonjwa, na padre ataamua pamoja nawe.

Onyo. Akitokea padre anayekuambia uache vidonge ili uonyeshe imani, mjibu kwa adabu kwamba utamfikishia daktari ushauri wake, kisha tafuta padre mwingine. Hilo haliko katika mamlaka yake.

*Umefanikiwa ukiona:* padre anakuuliza "umelala vizuri?" baada ya Misa, na wewe hushtuki.

Hatua ya 5: Kikao cha kwanza, ingia na imani yako mlangoni

Kikao kwa kawaida ni dakika 45 hadi 60. Katika robo saa ya kwanza sema: "Mimi ni Mkatoliki, nasali hivi, na kuna maneno nikiyatumia naomba uniulize maana yake."

Hilo la maneno ni zito kuliko linavyoonekana. Mwanamke mmoja alikuwa akisema kila wiki, "Nabeba msalaba wangu." Mtaalamu, asiye Mkristo, akadhani ni methali ya uvumilivu, akaandika na kuendelea. Wiki ya tano ndipo akauliza, "Msalaba huo ni nini hasa?" Ni mume aliyekuwa akimpiga kila mwisho wa mwezi.

Kwa aliye katika hali hiyo: kanuni ya 1153 inamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili, yeye au watoto wake, kuondoka kwenye nyumba hiyo, na kama kusubiri ni hatari anaweza kuondoka mara moja kwa uamuzi wake. Ndoa haijavunjwa kwa hilo, wala yeye hajatenda dhambi. Peleka jambo hili kwenye viti vyote viwili, na polisi.

Maneno mengine ya kuyafafanua kwa mtaalamu: "mapenzi ya Mungu", "kusamehe", "kufa kwa nafsi". Kusamehe kwa mfano, kwako kunaweza kuwa na maana ya kurudi kula meza moja na aliyekubaka. Kanisa halidai hivyo, na mtaalamu anahitaji kujua kwamba wewe unadhani linadai.

Hatua ya 6: Dhambi zisipoisha

Soma hapa kama umewahi kurudi kwenye foleni ya maungamo siku ile ile, ukihofu hukusema vizuri. Au unarudia Salamu Maria mpaka "ikae sawa". Au unaacha Komunyo wiki baada ya wiki kwa mawazo machafu yaliyokuja yenyewe na ukayachukia.

Hali hii ya dhamiri yenye hofu ni ya kale. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliipata akiwa Manresa, Hispania, mwaka 1522, akaungama na kuungama tena mpaka akajiwa na wazo la kujitupa shimoni. Leo madaktari wanaihesabu mara nyingi kuwa sura mojawapo ya ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na matendo ya kulazimika. Injini yake inafanya kazi hivi: wazo linakuja, hofu inapanda, unaungama, unapata nafuu ya nusu saa, na ubongo unajifunza kwamba dawa ya hofu ni kuungama. Kesho hofu inakuja na njaa zaidi.

Tiba yake inahitaji viti vyote viwili vikubaliane. Waruhusu padre na mtaalamu waongee, kwa idhini yako ya maandishi, kwa jambo hili moja tu, na kwa yale uliyomwambia padre nje ya kitubio. Utaratibu unaofaa huwa hivi:

1. Muungamishi mmoja. Kuzunguka parokia tatu kutafuta anayeelewa ni sehemu ya ugonjwa.
2. Siku maalumu ya kuungama, mfano mara moja kwa mwezi. Kati ya siku hizo huendi, hata hofu ikipiga kelele. Sheria ya Kanisa inadai kuungama dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka. Mara moja kwa mwezi ni nyingi tosha.
3. Ungama uliyo na hakika nayo tu. Penye shaka, ruka. Padre akuamuru hivyo kwa mdomo wake, ili kuruka kuwe utii na kusiwe ujanja wako.
4. Mtaalamu akupe mazoezi ya kukaa na hofu bila kuitibu: kusema sala mara moja, hata kama umekosea, na usirudie, kutoka kanisani bila kurudi kupiga goti tena.

Onyo. Mazoezi haya hayahitaji utende dhambi. Mtaalamu akikuambia uitukane sakramenti ili ujizoeze, kataa, na umweleze kwa nini. Mjuzi atapata zoezi lingine. Kwa upande wako, usimgeuze mtaalamu kuwa muungamishi wa pili kwa kumwuliza kila kikao, "Hii ni dhambi?" Akikujibu amelisha ugonjwa.

*Umefanikiwa ukiona:* umepokea Komunyo na hofu bado ipo. Nasisitiza, bado ipo. Anayesubiri hofu iishe kwanza atasubiri mpaka Pasaka ya mwaka ujao.

Hatua ya 7: Vidonge, mfungo na mkesha

Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Madhara madogo hutangulia, nafuu hufuata. Hapo katikati ndipo watu huacha. Na hata ukipata nafuu, kwa kawaida daktari atakuendeleza miezi 6 au zaidi, kisha atapunguza taratibu. Kukata ghafla kunaleta kizunguzungu, kichefuchefu na ugonjwa kurudi.

Ukitoka mkutano wa uponyaji unajisikia umepona, mshukuru Mungu, umeze kidonge cha usiku, na uende kliniki tarehe yako. Kama umepona, daktari ataona.

Kwaresima: kanuni inadai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Mgonjwa haimbani. Anayetumia lithiamu (dawa ya hisia zinazopanda na kushuka) asifunge maji kabisa. Mwili ukikauka dawa hujazana kwenye damu na kuwa sumu. Mwambie padre akupe tendo jingine la kujinyima.

Mkesha ni habari kubwa kuliko mfungo. Kwa mwenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, usiku mmoja bila usingizi unaweza kuwasha kichaa cha furaha kinachomaliza akiba ya familia kwa wiki. Mkesha wa Pasaka hudhuria, kisha ukalale. Mikesha ya kila Ijumaa, hapana.

Sala fupisha. Fungu moja la rozari likitoka linatosha. Likikataa, shika shanga mkononi tu. Usifanye nadhiri wala uamuzi mkubwa (kuacha kazi, kuingia utawa, kuvunja uchumba) ukiwa gizani. Inyasi huyo huyo alishauri hivyo.

Hatua ya 8: Jumuiya

Andaa sentensi moja na uitumie kwa wote: "Naumwa, natibiwa hospitali, naomba sala zenu." Wakidadisi, irudie. Huna deni la maelezo. Anayesema "mawazo tu hayo, jikaze" mara nyingi anaogopa kuliko anavyokudharau, ila usimpe kiti kingine cha kukushauri.

Siku mbaya ikija

Panga hili sasa, ukiwa mzima. Dawa ya wadudu, ya panya, na vidonge vya ziada vikabidhiwe yule mtu wako wa nyumbani avifungie. Wazo la kujiua hupanda na kushuka. Kilicho mbali na mkono kinaokoa maisha.

Wazo likija, usikae peke yako na usianze novena. Mpigie mtu wako, mwende hospitali yoyote iliyo karibu, usiku au mchana. Padre mpigieni mkiwa njiani.

Kwa familia iliyompoteza mtu tayari: Katekisimu, namba 2282, inasema matatizo mazito ya nafsi hupunguza wajibu wa aliyejiua, na 2283 inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wake. Ombeni Misa.

Jipime baada ya wiki nane

Mwombe mtaalamu fomu ya maswali tisa ya kupima sonona. Ipo kwa Kiswahili. Alama zake ni 0 hadi 27. Ijaze kikao cha kwanza, ijaze tena wiki ya nane. Ukitoka 18 hadi 9, tiba inafanya kazi hata kama huioni. Ukibaki pale pale, mwambie mtaalamu wazi na muulize kama kuna njia nyingine au rufaa ya kwenda kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Upande wa padre hakuna fomu. Angalia tu yale ya K kwenye daftari: je, sasa ni makosa yenye majina, au bado ni "nimekosa kitu kikubwa sijui nini"? Yule mama wa sketi alinionyesha lake baada ya miezi mitatu. Ukurasa wa kitubio ulikuwa na mistari miwili, na mmoja ulikuwa wa kumdanganya mwenye duka.